Punda Walikatazwa, Mafuta Yakapita

Katika orodha ya vitu ambavyo madola ya Shirika la Mataifa yaliharamisha kuuziwa Waitalia kuanzia Novemba 18, 1935, baada ya majeshi ya Mussolini kuvuka mto Mareb na kuihujumu Uhabeshi, msomaji atakuta mpira, bati, farasi, nyumbu, punda na ngamia. Lakini akiisoma hadi tamati akilitafuta neno petroli, hatalipata. Makaa ya mawe nayo hayamo. Waitalia walipigana vita vile kwa malori na ndege, ilhali majlisi tukufu ya Shirika huko Geneva ilishughulika na vipando vya zama za Nabii Suleiman.

Wala si kwamba hukumu ilikosekana. Uhabeshi ilikuwa mwanachama tangu 1923, na siku nne tu baada ya uvamizi Baraza lilitamka bayana kwamba Italia imevunja mkataba, kwa wepesi ambao, tuseme haki, si tabia ya mabaraza. Kilichokosekana ni nia. Uingereza na Ufaransa, nguzo mbili za Shirika, zilimhofu Hitler kuliko zilivyomhurumia Haile Selassie, mfalme wa Uhabeshi, zikataka Mussolini abaki upande wao. Tena, kwa kuwa zenyewe zilikuwa zimejigawia Afrika, nasi tukiwa katika mafungu hayo, ziliona taabu kuita jinai kitendo ambacho wazee wao walikivalia nishani. Desemba ile ile mawaziri wao, Samuel Hoare na Pierre Laval, wakapatana kwa siri kummegea Mussolini sehemu kubwa ya nchi ya watu. Siri ikavuja katika magazeti ya Paris, Hoare akajiuzulu.

Kuhusu mafuta palikuwa na udhuru: Marekani, isiyokuwa mwanachama, ingeendelea kuyauza. Mfereji wa Suez je? Askari wa Kiingereza walikuwapo Misri, na haukufungwa hata siku moja. Meli zilizosheheni askari na mabomu zilitia nanga Port Said, zikalipa ushuru kama meli ya pamba au ya ngano, zikashuka Bahari ya Sham hadi Massawa. Punde gesi ya haradali, iliyokatazwa kwa itifaki ya 1925 ambayo Italia iliikubali, ikamiminwa kutoka angani juu ya watu na mifugo, wengine miguu mitupu.

Juni 30, 1936, Haile Selassie, ambaye mji wake mkuu, Addis Ababa, ulikwisha tekwa, alisimama mwenyewe mbele ya wajumbe Geneva. Kabla hajafungua kinywa, waandishi wa habari wa Kiitalia walioketi roshanini walipuliza firimbi na kuzomea hata wakatolewa nje. Yeye akangoja, kisha akasema kwa Kiamhari, kwa utulivu, akiuliza atarudi na jawabu gani kwa watu wake. Jawabu lilikuja Julai 15: vikwazo viliondolewa, na biashara ya punda ikawa halali tena.

Miaka mitano baadaye Uingereza, sasa ikiwa yenyewe vitani na Italia, ilituma majeshi kutoka Kenya, nayo yalikuwa na askari wa KAR (King's African Rifles) walioamrishwa kwa Kiswahili pamoja na wenzao wa Nigeria, Gold Coast na Afrika Kusini. Februari 1941 Mogadishu ilipoanguka, yakakutwa maghala ya Waitalia yamejaa petroli. Malori yakajazwa, safari ya Addis Ababa ikaendelea.