Mtu Asiyeaminiwa: Historia Fupi ya Filamu za Kutisha za Kisaikolojia

Filamu za kutisha zina jina baya miongoni mwa wanafunzi wenzangu. Wapo wanaosema ni mambo ya uchawi, wapo wanaosema ni kelele na damu tu, na wapo wanaozitazama usiku kisha asubuhi wanakana. Mimi ni mtazamaji wa filamu hizi kwa miaka kadhaa sasa, na katika insha hii ninakusudia kuzitetea kwa njia ya historia. Sitazungumzia filamu zote za kutisha. Nitashughulikia tawi moja, yaani zile za kisaikolojia, ambazo hofu yake haitoki kwa zimwi lenye meno bali hutoka katika akili za watu. Hoja yangu ni kwamba tukizipanga kwa miaka, filamu hizo zinasimulia kisa kimoja kinachorudiwarudiwa: mtu anaona hatari, anaisema, na wenzake wanamwambia kwamba ana wazimu. Kinachobadilika ni nani anayesema na nani anayekataa kumwamini. Mabadiliko hayo ndiyo historia ninayotaka kuieleza.

Tuanze Ujerumani. Mnamo Februari 1920, filamu isiyo na sauti iitwayo Das Cabinet des Dr. Caligari, iliyoongozwa na Robert Wiene, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha mwaka mmoja na miezi michache tu nyuma. Caligari ni mzee anayefika kwenye maonyesho ya mji akiwa na kijana aitwaye Cesare, ambaye hulala ndani ya sanduku mfano wa jeneza. Mzee huyo anaweza kumwamuru Cesare akiwa usingizini, na usiku humtuma kuua. Mandhari yote yamechorwa: nyumba zimepinda, madirisha yana pembe kali, hata vivuli vimepakwa rangi. Mtazamaji anauona mji kama unavyoonekana na akili iliyovurugika.

Waandishi wa muswada, Hans Janowitz na Carl Mayer, walikuwa wametoka katika miaka ya vita wakiwa na chuki dhidi ya mamlaka. Si vigumu kuona sababu. Cesare ni kijana anayetumwa kuua watu asiowajua kwa amri ya mzee anayebaki salama, na Ulaya ilikuwa imetoka tu kuzika vijana wa namna hiyo kwa mamilioni. Katika filamu, kijana Francis anagundua kwamba Caligari ndiye mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili. Lakini mwishoni hadithi inageuzwa: tunaonyeshwa kwamba Francis mwenyewe ni mgonjwa, na yule mkuu ni daktari mwema anayetaka kumponya. Mwaka 1947 Siegfried Kracauer, Mjerumani aliyekuwa amekimbilia Marekani, alidai katika kitabu chake From Caligari to Hitler kwamba mgeuko huo ulifanya hadithi ya uasi kuwa hadithi ya utii. Wanahistoria wa baadaye wamempinga, hasa baada ya muswada wa awali kupatikana na kuonekana kwamba nao ulikuwa na masimulizi ya kuizunguka hadithi, ingawa ya aina nyingine. Hata hivyo swali lake bado lina uzito. Ukitaka kumnyamazisha mtu anayemshtaki mkubwa, huna haja ya kujibu mashtaka. Unasema tu kwamba ni mgonjwa.

Miaka 22 baadaye, kisa hicho kilihamia Marekani na kumkuta mwanamke. Katika Cat People ya mwaka 1942, iliyotayarishwa na Val Lewton na kuongozwa na Jacques Tourneur, Irena ni mhamiaji kutoka Serbia anayeishi New York. Anaamini kwamba akibusiwa au akiingiwa na wivu atageuka chui. Mumewe anampeleka kwa daktari wa akili, ambaye haamini hata neno lake moja, na ambaye mwishowe anambusu mgonjwa wake kwa nguvu. Daktari huyo anajuta akiwa amechelewa.

Filamu hiyo ilitengenezwa kwa fedha kidogo, hivyo chui haonekani sana. Mahali pake pamewekwa vivuli na kimya. Katika sehemu moja mwanamke anatembea peke yake usiku, tunasikia viatu vya anayemfuata, kisha viatu vinanyamaza. Anaharakisha. Ghafla unasikika mlio mkali, nawe unaruka kwenye kiti, kumbe ni basi limefika kituoni. Mpaka leo watengenezaji wa filamu huiita mbinu hiyo basi la Lewton.

Kimya hicho kilinifundisha jambo kuhusu utazamaji wetu. Hapa Kampala wengi wetu tulizijua filamu kupitia vibanda vya video, ambako VJ hushika kipaza sauti na kutafsiri maneno kwa Kiganda huku akiongeza yake. VJ haachi kimya kipite bure, hukijaza utani. Filamu ya kutisha ikionyeshwa kibandani, watu hucheka, hubishana, na humpigia mhusika kelele akimbie. Zamani nilidhani VJ anaiharibu hofu. Sasa naona anatuonyesha hofu hiyo imejengwa juu ya nini. Mhusika wa filamu hizi anatisha kwa sababu yuko peke yake na haaminiwi. Kibandani watu mia moja wanamwamini kwa sauti kubwa, na hofu inayeyuka.

Mwaka 1960 Alfred Hitchcock aliligeuza jambo hili upande wa pili. Psycho, iliyotokana na riwaya ya Robert Bloch ya mwaka 1959, ilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe kwa takribani dola 800,000, kiasi kidogo kwa mwongozaji wa sifa zake. Marion Crane ameiba dola 40,000 na analala katika nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara. Kijana mwenye nyumba, Norman Bates, ni mpole, ana haya, na anamletea mkate na maziwa. Sisi watazamaji tunamwamini. Kabla filamu haijafika nusu, Marion ameuawa bafuni huku fidla zikilia kwa sauti kali, na bado tunamhurumia Norman kwa kuwa na mama wa namna ile. Swali la Hitchcock ni kwa nini tunaamini haraka hivyo mtu mwenye adabu.

Lakini hapa nina lawama. Mwishoni daktari wa akili anatokea na kueleza kila kitu kwa dakika chache, na mtazamaji anatoka na somo jepesi kwamba mgonjwa wa akili ni muuaji anayejificha. Filamu nyingi zilizofuata zilishika somo hilo na kuliacha swali. Madhara yake hayaishii ukumbini. Butabika, hospitali kuu ya taifa ya magonjwa ya akili hapa Uganda, jina lake limekuwa tusi la mtaani. Mtu akisema jambo tusilotaka kulisikia, tunasema apelekwe Butabika. Tusi hilo hufanya kazi ileile iliyofanywa na mwisho wa Caligari mwaka 1920: linamfunga mdomo msemaji bila kugusa alichosema. Na mgonjwa wa kweli anayehitaji tiba anaogopa kwenda kuitafuta.

Mwaka 1968 ulitoa filamu mbili zinazofaa kusomwa pamoja. Ya kwanza ni Rosemary's Baby ya Roman Polanski, kutokana na riwaya ya Ira Levin. Rosemary ni mjamzito na anashuku kwamba majirani wana njama juu ya mtoto wake. Anapokimbilia kwa daktari mwingine na kumweleza yote, daktari anamsikiliza kwa upole, anamwambia apumzike, kisha anamwita mume wake na daktari wa kwanza waje wamchukue. Kwangu hapo ndipo mahali pa kutisha kuliko pote katika filamu hiyo, wala hapana shetani anayeonekana. Kuna mlango unaofunguka na wanaume wawili wenye heshima zao.

Ya pili ni Night of the Living Dead ya George Romero, iliyoonyeshwa kwanza Pittsburgh mwezi Oktoba, miezi sita baada ya Martin Luther King kuuawa. Wafu wanafufuka na kula watu. Ben, aliyeigizwa na Duane Jones, ni mtu mweusi anayeongoza weupe waliojificha ndani ya nyumba moja. Romero alisema mara nyingi kwamba Jones alichaguliwa kwa kuwa alikuwa bora katika majaribio. Sina sababu ya kumpinga, lakini maana ya filamu haitegemei nia ya mwongozaji peke yake. Ben naye ana kosa: anakataa kumsikia mzungu mmoja anayesisitiza wajifungie chini ya nyumba, na huko chini ndiko Ben anakookoka usiku. Asubuhi wanakuja wanaume weupe wenye bunduki. Wanamwona dirishani, hawamwulizi neno, wanamdhania mfu na kumpiga risasi. Mtu aliyeshinda wafu anauawa na waliokuja kuokoa.

Miaka 49 baadaye, mwaka 2017, Jordan Peele alizirithi filamu hizi zote katika Get Out. Chris, kijana mweusi, anatembelea wazazi wa mchumba wake mzungu. Anaigizwa na Daniel Kaluuya, aliyezaliwa London kwa wazazi Waganda. Mama mkwe ni daktari wa akili anayemtia usingizi kwa kuzungusha kijiko ndani ya kikombe cha chai. Ni Caligari amerudi, safari hii akiwa sebuleni na tabasamu. Rafiki wa Chris, Rod, anagundua hatari na kwenda polisi. Mpelelezi, mwanamke mweusi, anawaita wenzake wawili waje wasikie, na wote watatu wanaangua kicheko.

Kwa sisi wanafunzi wa Kiswahili kuna jambo la ziada. Wimbo wa mwanzo, uliotungwa na Michael Abels, umeimbwa kwa Kiswahili na unaitwa Sikiliza Kwa Wahenga. Mhadhiri angetaka "wasikilize wahenga", lakini ujumbe unaeleweka: wazee wanamwonya kijana akimbie. Watazamaji wengi wa Marekani walisikia sauti za kuogofya tu. Sisi tuliambiwa hatari kabla Chris hajaonekana. Wengi wa Waafrika waliopelekwa utumwani Marekani walitoka Afrika Magharibi na Kati Magharibi, si pwani ya Waswahili. Naona uchaguzi wa lugha hii ni urithi wa miaka ya 1960, Wamarekani weusi walipoichukua kuwa alama ya Afrika nzima, kama inavyoonekana katika sikukuu ya Kwanzaa iliyoanzishwa mwaka 1966. Hivyo katika filamu ya mtu asiyeaminiwa, onyo limewekwa katika lugha ambayo mwenyewe haielewi.

Mwishoni taa za gari la polisi zinawaka, na kila aliyemwona Ben akifa mwaka 1968 anajua kitakachofuata. Peele alikuwa amepiga mwisho ambao Chris anafungwa gerezani. Akaubadilisha. Anayeshuka garini ni Rod, mtu pekee aliyeamini, na gari ni la kazini kwake uwanja wa ndege.

Kwa kuhitimisha, kutoka Berlin ya 1920 hadi Marekani ya 2017, filamu hizi zimewapa zamu ya kutoaminiwa vijana waliotoka vitani, mhamiaji, mke mjamzito na mtu mweusi. Kila kizazi kimeweka humo mtu ambaye jamii ilikuwa haitaki kumsikiliza. Kwa hiyo ninawashauri wenzangu wanaozidharau wachague moja kati ya hizi na kuitazama wakiwa na swali moja tu: nani anasema kweli, na nani amepewa haki ya kumwita mwendawazimu? Kisha waliulize swali hilo hilo juu ya mtu wa mwisho waliyemtania kwamba apelekwe Butabika.