Semei Kakungulu na Umoja wa Mungu

Siku ya Jumamosi huko Nyamarambe, kusini mwa nchi ya Abagusii, watu wengi huacha jembe na biashara wakaenda kanisani. Hao ni Waadventista wa Sabato, ambao mafundisho yao yalifika Gendia, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1906, kisha yakapanda vilimani. Mgeni awaonapo aweza kudhani kwamba wameikaribia dini ya Wayahudi. Siku yao takatifu ni ile ile, Torati huisoma, na nyama ya nguruwe hawaigusi. Walakini Mwadventista humwabudu Yesu kuwa ni Mungu, na hapo ndipo njia zinapoachana.

Alikuwako katika Afrika ya Mashariki mtu mmoja aliyefika kwenye njia panda hiyo, akalazimika kuchagua. Mtu huyo ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda. Alibatizwa na Waprotestanti, akawasaidia Waingereza kuitiisha nchi ya mashariki ya Uganda, akitumaini kupewa ufalme. Hakupewa. Alijitenga nao, akajiunga na Wamalaki, madhehebu ya Kikristo yaliyokataa dawa za hospitali. Akiwa huko aliendelea kuichungua Biblia, na mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe, kama Ibrahimu alivyoagizwa. Wako wasemao kwamba ni hasira tu juu ya Waingereza iliyomsukuma. Mimi sisadiki kwamba hasira peke yake yatosha kumpeleka mtu wa miaka hamsini hivi penye kisu.

Mwaka 1922 alitoa kitabu cha sala na maagizo kwa lugha ya Kiganda. Ndani yake Sabato na tohara vilikaa pamoja na maneno ya Agano Jipya, na ubatizo ulikuwa haujaachwa. Miaka michache baadaye alikutana na Myahudi aitwaye Yosefu, aliyekaa naye muda wa miezi kadhaa akimfundisha. Huyo alimwonyesha kwamba mambo hayo mawili hayawezi kukaa katika sala moja.

Kwa nini hayawezi? Wanafunzi wengi hujibu upesi kwamba Wayahudi wana Mungu mmoja na Wakristo wana watatu. Jibu hilo si kweli. Mabaraza ya maaskofu yaliyokutana Nikea mwaka 325 na Konstantinopoli mwaka 381 hayakukiri miungu mitatu. Yalishika kwamba Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni wa asili moja, nao ni Mungu mmoja. Wala si kweli kwamba Mungu wa Wayahudi ni wa mbali asiyejali, maana wao pia humwita Baba katika sala zao. Shina la tofauti ni mwili. Mkristo husadiki kwamba Mungu alizaliwa na mwanamke, akaona njaa, akafa msalabani. Kwa Myahudi, Mungu hana mwili wala sura, wala hagawanyiki katika nafsi. Musa bin Maimuni, mwanachuoni wao mkuu wa karne ya 12, aliliweka jambo hilo miongoni mwa misingi kumi na mitatu ya imani. Basi kumwomba mtu aliyezaliwa na kufa, hata awe mtakatifu namna gani, kwao ni kumpa kiumbe haki ya Muumba.

Kakungulu aliuacha ubatizo, akaliondoa jina la Yesu katika sala. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928. Baadhi ya wafuasi wake walirudi katika Ukristo. Wengine, waitwao Abayudaya, walibaki vilimani karibu na Mbale. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao walipungua sana, na waliosalia wakasali kwa siri hadi alipoangushwa mwaka 1979. Mwaka 2002 marabi kutoka ng'ambo waliwapokea wengi wao rasmi katika dini ya Kiyahudi, na hadi leo zaburi huimbwa huko kwa Kiebrania na kwa Kiganda.