Machicha na Mashapo

Mpishi akikamua nazi kwa kifumbu, yanayobaki ni machicha. Maji ya mtungi yakituama, yanayokaa chini ni mashapo. Tofauti hii inatufaa sana tunapoeleza kiwanda cha alumina, malighafi ya alumini.

Kwa njia aliyobuni Karl Josef Bayer mwaka 1888, boksiti (mawe yenye alumina) iliyosagwa hupikwa ndani ya kostiki soda. Alumina huyeyuka, matope mekundu yenye chuma hubaki. Huachwa yatuame katika matangi mapana, yakitiwa dawa ya kushikamanisha chembe: hayo ni mashapo. Maji ya juu hupitishwa kwenye vichujio, navyo hunasa chembe za mwisho: hayo ndiyo machicha. Kisha mashapo husuuzwa mara kadhaa ili soda irudi kazini, kama tunavyotoa tui la pili.

Tuvitaje vitu kwa majina yake. Mwaka 2010, bwawa la matope hayo lilipasuka karibu na Ajka, Hungaria, na watu 10 wakafariki. Neno “uchafu” halitoshi. Mashapo yale yalikuwa bado na soda inayounguza ngozi, na jina sahihi ni onyo la kwanza.