Na Mama Zako? Kutoka Bagamoyo Mpaka Ujiji na Begi Moja

Katika kipindi kilichopita niligusia tu kwamba nimerudi kutoka Tanzania, kwamba nilikwenda peke yangu wiki tano na begi moja la mgongoni, na kwamba sikuwa na ratiba. Wengi mmeleta ujumbe mkiuliza ilikuwaje. Wengine mmeuliza wazee walinikubalia vipi, mtoto wa kike. Hilo la pili jibu lake ni fupi: hawakukubali. Babu ndiye aliyesema "mwacheni ende," na babu akishasema imekwisha. La kwanza ndo linataka kuandikwa, kwa sababu nilikwenda kutafuta nyumba nikarudi na kitu chengine.

Nyumbani kwa ami yangu, Al Khoudh, ukutani mwa majlisi pana shajara ya ukoo. Khati nzuri, fremu ya rangi ya dhahabu. Inaanza Ibra, Sharqiya, inashuka vizazi tisa, fulani bin fulani bin fulani. Mie simo, maana walioandikwa ni wanaume tu, na mpaka naondoka nilikuwa sijawahi kuliona hilo kuwa ni jambo. Mbele ya jina la babu wa babu yangu pameandikwa kwa herufi ndogo: Zinjibar, Tabora, Ujiji. Huyo ndiye aliyevuka bahari.

Babu yangu alizaliwa Ujiji mwaka 1931, akakulia Tabora, akaja Maskati miaka ya sabini, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi. Mie nimezaliwa na kusoma hapa hapa Maskati, na Kiswahili nimekiokota jikoni kwa bibi. Nilipomuuliza babu nyumba yao ilikuwa wapi hasa, alinambia: "Ujiji, karibu na miembe." Basi. Hiyo ndo anuani niliyosafiri nayo.

Dar es Salaam nililala gesti moja Kariakoo. Mwenyeji wa gesti ndiye aliyenieleza asili ya jina: ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ambacho watu walilitamka kwa ulimi wao likawa Kariakoo. Yaani soko ambalo nusu ya jamaa zetu wananunulia vitenge limebeba jina la watu waliobebeshwa mizigo. Nilicheka, lakini neno hilo la wapagazi likanifuata njia nzima.

Kesho yake nikapanda basi kwenda Bagamoyo. Hapo ndipo misafara ilipoanzia na ilipoishia. Sote tumefundishwa kwamba jina maana yake ni "bwaga moyo", na kwamba ni watumwa waliokuwa wakiiaga nchi yao. Huenda. Lakini wako wanaolieleza vyengine, kwamba ni mpagazi aliyetembea miezi mitatu minne kutoka bara, anaiona bahari, anatua mzigo, moyo unatulia. Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliofanya kazi kwa ujira, na mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, karibu kilo 32. Begi langu lilikuwa na kilo 11 na nilishalalamika mara mbili tangu asubuhi. Njia ni moja, mmoja akiipita kwa ujira na mwengine kwa mnyororo, na mji huo huo ukawa ni raha ya huyu na kilio cha yule. Nadhani ndo maana jina linakubali tafsiri zote mbili.

Kutoka Dar nilipanda treni ya umeme mpaka Dodoma, halafu basi la Tabora kupitia Manyoni na Itigi. Huko ndiko kwenye ile nyika ambayo watu wa misafara waliiita Mgunda Mkali, siku nyingi za mwendo bila maji ya kuaminika. Mie niliipita nimelala, kinywa wazi, kichwa begani kwa mama mmoja aliyekuwa na kuku miguuni. Nilipoamka akanambia, "Pole mwanangu, umechoka." Nikaona haya.

Tabora nilipanga kukaa siku mbili, nikakaa tisa. Mji umejaa miembe, na nilipouliza nikaambiwa mingi asili yake ni wakati wa misafara. Hapa ndipo njia zilipogawanyika, moja kwenda Ujiji, nyengine kwenda kaskazini Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika mwaka 1857 wakawakuta Waarabu washajenga, wana mashamba na nyumba za tembe zenye mapaa bapa. Lakini Waarabu hao walikaa kwa idhini ya watemi wa Unyanyembe, na baadhi walioa kwao. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimuoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Ndoa hiyo ilimpa nguvu ambayo bunduki peke yake zisingempa.

Nilikuwa nikimsoma huyo Tippu Tip kwenye simu, jioni, kibarazani. Jina lake hasa Hamed bin Muhammed el Murjebi, na maisha yake kayaeleza mwenyewe kwa Kiswahili, maandishi yaliyochapishwa mwanzoni mwa karne ya 20, kabla hajafa Unguja mwaka 1905. Ni pembe, deni, vita, wapagazi waliokimbia, pembe tena. Nilijikuta namsoma kama ninayemsikiliza babu yangu, ile sauti ya mzee wa kiume anayehesabu mali na safari. Nikaipenda. Na karibu niridhike kwamba nimeshaijua historia yetu.

Kutoka Tabora kwenda Kigoma ni karibu kilomita 400. Basi linapita Urambo, mji unaotukumbusha Mirambo, mtemi aliyewatoa jasho wafanyabiashara wa Kiarabu mpaka alipokufa mwaka 1884. Mirambo na watemi wengine walitoza hongo. Siku hizo hongo halikuwa neno la aibu. Ilikuwa ushuru halali wa kupita kwenye nchi ya mtu, unalipwa kwa nguo, shanga na waya. Leo ukilisema unafikiria bahasha chini ya meza. Neno limeshuka cheo, na nadhani ni kwa sababu wenye nchi walinyang'anywa haki ya kutoza.

Ujiji iko kilomita chache tu kutoka Kigoma mjini. Mwenye bodaboda hakuniuliza ninakwenda wapi. Mgeni mwenye begi la mgongoni anapelekwa kwenye jumba la kumbukumbu la Livingstone, pale alipokutana na Stanley mwaka 1871. Nilipoona miembe moyo ulinipiga. Karibu na miembe! Lakini Ujiji miembe iko kila upande.

Livingstone alikuwa Ujiji kwa sababu ya jambo lililotokea Nyangwe, kwenye mto Lualaba, katika nchi ya Manyema, mashariki ya Kongo ya leo. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara kutoka pwani waliingia na bunduki sokoni. Siku ya soko wengi walikuwa wanawake. Wengine walipigwa risasi, wengine walizama mtoni wakikimbia. Livingstone aliyaona kwa macho yake, akaandika kwamba Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa ni kati ya 330 na 400. Karatasi zilikuwa zimemwishia, akawa anaandika juu ya gazeti la zamani kwa wino aliotengeneza kwa mimea, na wino huo ukafifia mpaka ukawa hausomeki. Ni karne hii tu wataalamu waliweza kuusoma tena, kwa kupiga picha za mwanga wa aina mbalimbali. Baada ya siku ile alikata tamaa akarudi Ujiji. Salamu ya Stanley inajulikana dunia nzima. Wanawake wa soko la Nyangwe majina yao hatuna hata moja.

Nilianza kuzunguka vichochoroni nikiuliza nyumba ya zamani ya Mwarabu fulani. Mzee mmoja nje ya msikiti akanambia, "Hayo muulize bibi yule." Bibi mwenyewe alikuwa kakaa barazani, mbele yake chupa za mawese, mafuta mekundu kama jua la magharibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umetoka wapi na furushi lote hilo?"

"Maskati, bibi. Babu yangu kazaliwa hapa."

"Wewe wa nani?"

Nikamsomea shajara. Binti fulani, bin fulani, bin fulani, mpaka Ibra. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Hao baba zako. Na mama zako?"

Nikamtaja mama, nikamtaja bibi, nikamtaja mama yake babu. Hapo nikasita.

"Na baba wa babu yako alizaliwa na nani?"

"Sijui, bibi."

"Hujui, au hamsemi?"

Sikuwa na jibu. Akanikalisha, akanieleza kwa upole kabisa kwamba watu wengi wa Ujiji ni Wamanyema, na yeye mmoja wao. Wazee wao wengine walivuka ziwa wamefungwa, wengine walikuja kufuata ndugu au kazi. Na katika nyumba za Waarabu, akasema, walikuwemo wanawake wa Kimanyema, na watoto wao ndo hao wenye majina marefu. Nyumba yetu haijui. Waarabu wa namna yetu walikuwa wengi na nyumba nyingi zimeanguka. Nilipoaga akanipa chupa moja ya mawese, akakataa pesa. "Mpelekee babu yako. Ataijua harufu."

Jamani, babu yangu miaka yote anaagiza mawese. Kila anayekwenda Tanzania anaambiwa alete mawese ya Kigoma, na sisi wajukuu tunacheka, mzee wa Kiomani na mawese wapi na wapi. Nikampigia simu usiku ule.

"Babu, bibi yako mzaa baba alikuwa nani?"

Kimya, mpaka nikadhani laini imekatika.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyenambia babu. Nimeulizwa."

Akavuta pumzi. "Alikuja mdogo sana, kutoka Manyema. Kijiji chake alikuwa hakijui. Alikuwa akinipakata, akipika kisamvu kwa mawese. Sisi tulimwita Bibi tu."

"Jina lake, babu?"

"Bibi tu, mama. Kama alikuwa na jina la kwao, sie hatukuambiwa."

Alikuwa suria. Naliandika neno, maana kwetu halisemwi. Kwa sheria iliyofuatwa, mtoto wa suria na bwana wake ni huru na anachukua nasaba ya baba, na mama mwenyewe hauzwi tena, huwa huru bwana akifa. Watu wa kwetu wakishasema hivo huona wamemaliza. Lakini Unguja utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, masuria waliachwa nje ya sheria hiyo mpaka mwaka 1909. Bara, Wajerumani waliamua tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 ni huru, na utumwa wenyewe ulifutwa mwaka 1922 chini ya Waingereza. Babu yangu alizaliwa miaka tisa baadaye. Si mambo ya kale hayo. Mkono uliomlisha babu ndo uliofungwa, na mkono wa babu umenilisha mie.

Wala si aibu ya nyumba yetu peke yetu. Sayyid Barghash mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Sayyida Salme, bintiye Sayyid Said, alikiandika kisa cha mama yake Jilfidan, Msherkasi aliyechukuliwa akiwa mtoto, katika kumbukumbu alizozichapisha mwaka 1886. Aliyekuwa na kalamu na akataka, mama yake anajulikana.

Nimekuwa nikisema miaka yote kwamba asili yangu ni Oman na Afrika tulikwenda kufanya biashara. Sasa siwezi. Aliyenunua na aliyenunuliwa wote wawili ni wazee wangu, na mie ni kilembwe wa wote wawili. Siwezi kumtetea mmoja kwa kumnyamazisha mwengine. Na hili nisingelifikia kwa ratiba. Ratiba yangu ningeitoa kwenye shajara ya ami, na shajara ya ami ingenipeleka kwa wanaume tu.

Niliporudi, ami alisema, "Ya nini kuyafukua hayo?" Sikubishana naye, ni ami yangu. Shajara iko ukutani pale pale. Lakini babu, siku ya tatu, baada ya kula kisamvu kilichopikwa kwa mawese ya Ujiji, aliniambia nilete daftari. Akanitajia mama wote anaowakumbuka, wa upande wa baba na upande wa mama. Wamefika 14. Wa kwanza nimemwandika alivyonitajia: Bibi, wa Manyema.

Basi kabla hamjakata tiketi, na wala si lazima mkate, mwenye babu au bibi aliye hai amuulize swali la yule bibi wa barazani. Ulizeni wakiwa wameshiba na hakuna wageni. Msiwakimbize wakinyamaza. Na mkishajibiwa, andikeni. Tukutane kwenye kipindi kijacho, inshallah.