Shule iliyovuka mpaka kuwakimbia Makaburu

Mwaka 2019 Shule ya Kimataifa ya Moshi, iliyoanza 1969, iliingia katika jumuiya ya shule za UWC (United World Colleges) na kubadili jina. Walio nje ya geti waliona ni bango jipya tu. Siku hizi ukitaja shule ya kimataifa watu wanafikiria ada ya dola, basi lenye kiyoyozi na mtoto asiyejua kuamkia wakubwa. Lakini ndani ya jumuiya hiyo Moshi imekuta dada yake mkubwa, Waterford Kamhlaba ya Eswatini, na huyo alizaliwa katika ugomvi.

UWC yenyewe ilianzia Wales mwaka 1962 kwa fikra za mwalimu Mjerumani Kurt Hahn, aliyetaka vijana wa mataifa yaliyokuwa maadui wasome na kulala pamoja. Hilo limeandikwa sana.

Ya kusini hayasimuliwi sana. Rosettenville, Johannesburg, kulikuwa na St Peter's, shule ya bweni ya Waafrika chini ya watawa wa Kianglikana. Oliver Tambo, baadaye kiongozi wa ANC, alisoma pale, kisha akafundisha palepale. Padri Trevor Huddleston, mmoja wa watawa hao, ndiye aliyemsikiliza mwanafunzi mtundu, Hugh Masekela, alipoahidi kwamba akipewa tarumbeta hatamsumbua mtu tena. Akapewa, na dunia ikaja kuisikia.

Mwaka 1953 ikatungwa Sheria ya Elimu ya Wabantu. Waziri Hendrik Verwoerd hakuficha kusudi lake: Mwafrika afundishwe kwa kadiri ya kazi za chini alizopangiwa. Makanisa yakaambiwa yakabidhi shule kwa serikali au yapoteze ruzuku. Mengi yalikabidhi, yakijitetea kwamba shule mbovu ni afadhali kuliko kukosa shule. Huddleston alikataa katakata. Katika kitabu chake cha mwaka 1956, Naught for Your Comfort, anawashambulia waliokubali bila kuwaonea haya hata wachungaji wenzake, na mimi niko upande wake. St Peter's ikafungwa mwaka huohuo. Ingawa ni rahisi kumsifu leo, aliyeumia wakati ule ni mtoto aliyebaki bila darasa.

Katika majengo yaleyale ikafunguliwa St Martin's, shule ya wazungu, mkuu wake Mwingereza Michael Stern. Stern alitaka kuwapokea watoto weusi, sheria ikamzuia. Akaamua kuhama nchi. Alivuka hadi Swaziland, Eswatini ya leo, wakati huo chini ya Uingereza, na mwaka 1963 akafungua Waterford mlimani juu ya Mbabane akiwa na wavulana 16 wa rangi mbalimbali. Majengo yalichorwa na Pancho Guedes, msanifu wa Lourenço Marques, yaani Maputo ya leo. Mwaka 1967 Mfalme Sobhuza II akaitembelea na kuipa jina la Kamhlaba.

Wakaja Zenani na Zindzi, mabinti wa Nelson Mandela, baba yao akiwa kifungoni Robben Island. Akaja Lindiwe Sisulu, binti wa Walter Sisulu, mfungwa mwenzake Mandela. Kutoka Botswana akaja Ian Khama, mtoto wa baba Mwafrika na mama Mwingereza, ambaye baadaye alikuwa rais. Walikaa meza moja na watoto wa kizungu, jambo ambalo mwendo mfupi tu wa gari kutoka hapo, ng'ambo ya mpaka, shule ingefungiwa kwa kulifanya.

Waterford iliingia UWC mwaka 1981, na mwaka 1995 Mandela akawa mmoja wa marais wa jumuiya hiyo.

Nasi Watanzania tuna sehemu yetu katika kisa hiki. Baada ya Afrika Kusini, Huddleston alikuja kuwa Askofu wa Masasi, 1960 hadi 1968. Leo wanafunzi wengi wa UWC huchaguliwa na kamati za kitaifa, na wapo wanaosoma kwa ufadhili. Basi taarifa za nafasi na ufadhili huo zibandikwe Masasi na Newala kwa Kiswahili, kwenye mbao za matangazo za shule za kata. Mzazi mwenye watoto katika shule za dola hahitaji kutangaziwa.