Mgeni wa Kaskazi, Safari ya Kusi

Mwaka 1331, Ibn Battuta alipofika Mogadishu, chombo chake kilizungukwa na mashua zilizojaa vijana. Kila kijana alikuwa na sahani ya chakula iliyofunikwa. Alimpa mfanyabiashara mmoja, kisha akatangaza mbele ya wenziwe kwamba huyu ni mgeni wake. Kuanzia hapo mfanyabiashara yule hakulala kwingine ila nyumbani kwa mwenyeji wake, labda awe mtu aliyekwisha kuuzoea mji na kujuana na wenyewe. Mwenyeji alimuuzia bidhaa zake na kumnunulia alizotaka kupeleka kwao. Mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kupunja, au akimuuzia mgeni kitu bila mwenyeji kuwepo, biashara ile ilihesabiwa kuwa batili.

Msafiri huyo wa Moroko hakuwa mchuuzi bali mwanachuoni, kwa hiyo alipokewa na kadhi. Aliandikiwa wali wa samli kwenye sahani kubwa ya mbao, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama na samaki. Pembeni ziliwekwa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, achari ya ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Siku ya nne, Ijumaa, aliletewa nguo za kuvaa kwenda msikitini.

Ukarimu huo ulikuwa na sababu yake, nayo ilikuwa upepo. Kaskazi huvuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, ikazileta jahazi kutoka Oman, Hadhramaut na Ghuba. Kusi hushika zamu kuanzia Aprili, ikazirudisha. Aliyetia nanga Lamu mwezi wa Desemba hakuwa na njia ya kurudi kwao kabla pepo hazijageuka, hata kama mali yake imekwisha wiki ya kwanza. Ule usemi wa kumpa mgeni jembe siku ya tatu haukumfikia mgeni wa kaskazi. Alikaa miezi, na mwenyeji wake alikuwa dalali, mdhamini na mtunza amana yake kwa pamoja.

Desturi hii ni kongwe kuliko Uislamu. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinaitaja bandari ya Rhapta, inayodhaniwa kuwa ilikuwa katika pwani ambayo leo ni ya Tanzania. Kinaeleza kwamba wafanyabiashara wa Uarabuni walipeleka huko manahodha na mawakala waliokuwa wamezoeana na wenyeji, wakaoa kwao na kuijua lugha yao.

Alama zake zimebaki hata kwenye kuta. Katika nyumba za mawe za Lamu, ambazo nyingi ni za karne ya 18, kuna chumba cha wageni kiitwacho sabule. Mara nyingi chumba hicho kina njia yake, mgeni aingie na kutoka bila kukatiza ndani kwa wanawake. Wapo waliokaa sabule musimu mmoja tu. Wapo pia waliopewa binti wa nyumba, na ugeni ukageuka ukwe. Mtu wa namna hiyo alikuwa na mke Sur au Shihr na mwingine Lamu au Unguja, na watoto pande zote mbili. Kila alipoaga kwenda kwao, alikuwa pia anaondoka kwao.

Siku ya kuondoka haikupangwa kwa mwaka wa Kiislamu, kwa kuwa mwaka wa mwezi hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka na haulingani na majira. Mabaharia wa pwani walihesabu kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka, ambayo Makunduchi bado wanaisherehekea kwa Mwaka Kogwa. Waliugawa mwaka kwa miongo ya siku kumi kumi, na nahodha alijua mwongo gani ni wa kutweka na mwongo gani bahari imefungwa. Wa kwanza waliondoka kusi ilipoanza. Waliochelewa walikaa kuungojea upepo wa demani, kuanzia Agosti, kwa sababu kusi ya katikati ya mwaka huvunja vyombo.

Ndiyo maana siku za maleleji, upepo ukiwa haujajua uelekee wapi, bandari zilikuwa na pilikapilika. Maji yakipwa, vyombo vilikalishwa ufukoni vikakalafatiwa kwa pamba, vikapakwa mafuta ya sifa ubavuni na deheni tumboni. Nyumbani nako kulikuwa na kazi: kukokotoa hesabu, kulipana, kukabidhiana amana na barua za watu, kufunga masurufu yasiyoharibika upesi njiani. Mwisho wake ni kutakana radhi na kusoma dua, maana aliyevuka bahari hakuwa na hakika ya kurudi.

Gharama ya kuaga wakati usiofaa inaonekana kwa Mreno Vasco da Gama. Aprili 1498 aliondoka Malindi na rubani aliyepewa na mfalme wa mji, upepo ukiwa nyuma yake, akafika pwani ya Calicut, India, kabla ya mwezi mmoja kutimia. Kurudi, aling'oa nanga bila kuisubiri kaskazi. Safari ile ile ikamchukua karibu miezi mitatu, na watu wake wapatao 30 wakafa kwa kiseyeye. Januari 1499 waliosalia walijikokota hadi Malindi, kwa mwenyeji wao wa awali, wakapewa machungwa na kuku pamoja na pembe ya ndovu ya kumpelekea mfalme wa Ureno. Waliagana baada ya siku chache.

Si kila kuondoka kulikuwa na dua na masurufu. Mkataba wa 1845 kati ya Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, na Waingereza ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kutoka Afrika Mashariki kwenda Uarabuni, na biashara ikawa ya magendo. Konseli wa Kiingereza Christopher Rigby, aliyekuwa Unguja kuanzia 1858 hadi 1861, alilalamikia mabaharia wa kaskazini walioiba watoto na watumwa wa watu mjini. Wazazi waliwafungia watoto ndani mpaka vyombo viondoke. Walioibwa walikwenda safari moja na wageni waliokuwa wakirudi makwao, wala hakuna aliyewaaga.

Meli za moshi hazikuiua mara moja desturi ya musimu. Mwishoni mwa 1938 baharia wa Kiaustralia Alan Villiers alipanda Aden kwenye chombo cha Kuwait kiitwacho Bayan, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, wakashuka na kaskazi hadi Unguja. Kabla ya kurudi waliingia kwenye delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko, zilizokuwa zikitumika kuezekea nyumba za Kuwait. Miaka michache baadaye, 1946, Kuwait ilianza kuuza mafuta nje. Mabaharia walipata mishahara nchi kavu, na paa zikajengwa kwa saruji na chuma.

Unguja, mapinduzi ya 12 Januari 1964 yaliukata kwa nguvu mnyororo huo wa kuja na kurudi. Waarabu wengi waliuawa na wengine wakakimbia. Sultani Qaboos aliposhika madaraka Oman Julai 1970, aliwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi kujenga nchi. Wengi wa walioitikia walikuwa wamezaliwa Afrika Mashariki, na Kiswahili kilikuwa chepesi kwao kuliko Kiarabu. Huko Muscat waliitwa Wazinjibari, na walianza kama wageni kwa ndugu wa babu zao. Elimu na Kiingereza walichokipata Unguja na Mombasa viliwafungulia milango ya wizara na mashirika mapya. Leo wajukuu wao huenda Unguja kwa ndege ya saa tano hivi, mwezi wowote, na kinachowapangia siku ya kuagana na shangazi na binamu ni likizo za shule na bei ya tiketi.