Dizeli Iliyopunguza Sauti: Wenye Pikapu wa Marekani na Injini Mpya, 1989–2025

Katika miongo mitatu tangu mwaka 1989, injini ya dizeli ya pikapu kubwa za Marekani, yaani magari yenye kabini mbele na bodi wazi nyuma ambayo wakulima, wafugaji, makandarasi na wavuta trela wa nchi hiyo huyatumia kwa kazi na kwa matembezi, ilibadilika kwa namna mbili zilizokwenda pamoja: nguvu yake iliongezeka kupita maradufu, na mlio wake wa kugongagonga, uliokuwa ukisikika mtaa mzima gari linapowashwa alfajiri, ulififia hadi mpita njia akaweza kuidhani ni injini ya petroli. Mabadiliko haya yalitoka katika chanzo kimoja cha kiufundi, lakini wenye magari hawakuyapokea kwa moyo mmoja. Nguvu waliichukua mara moja na wakadai zaidi. Ukimya waliutazama kwa jicho la pembeni, na shaka hiyo, ambayo kwa mtu wa nje ingeonekana kuwa ushabiki mtupu wa makelele, ilikuwa na sababu ambazo historia ya injini zenyewe inazieleza vizuri zaidi kuliko tabia za watu.

Kelele ya dizeli hutokana na namna mafuta yake yanavyowaka. Injini ambayo Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani, aliifanikisha mwaka 1897 haina plagi ya kuwashia moto. Pistoni hubana hewa hadi ikapata joto kali, kisha nozeli hupuliza mafuta ndani ya hewa hiyo, nayo yakashika moto yenyewe. Hayashiki papo hapo. Kati ya kuingia kwa mafuta na kuanza kwa moto hupita kitambo cha sehemu ndogo sana ya sekunde, na katika kitambo hicho mafuta huendelea kuingia na kurundikana, hivi kwamba moto unapoanza rundo lote huwaka kwa pamoja, shinikizo ndani ya silinda hupanda ghafla, na kuta za injini hutetema kana kwamba zimepigwa nyundo. Pampu za zamani, zilizoendeshwa na gia za injini, zilipuliza mara moja tu kwa kila zamu ya silinda na hazikuwa na njia ya kuugawa mpulizo huo. Kilichowezekana ni kuuanzisha moto katika chumba kidogo kilichochongwa pembeni ya silinda kabla haujatoka kuisukuma pistoni. Dizeli ya namna hii hugonga kwa upole zaidi, lakini hupoteza joto njiani, na pamoja na joto hilo hupoteza mafuta na nguvu.

Dizeli zilizofungwa katika pikapu za Marekani mwanzoni zilikuwa za chumba cha pembeni. Ile ya Oldsmobile yenye lita 5.7, iliyotoka mwaka 1978, iliharibu sifa ya dizeli kwa miaka mingi kwa sababu bolti za silinda hedi hazikuhimili shinikizo, na maji yaliyochanganyika na mafuta yalifika hadi kwenye pampu bila kuzuiwa. General Motors ilileta nyingine ya lita 6.2 mwaka 1982, na Ford ikanunua ya lita 6.9 kutoka International Harvester kwa ajili ya magari yake ya mwaka 1983. Zote mbili zilitoka kiwandani bila turbo, yaani kipulizio kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuishindilia injini hewa, na sifa yao ilikuwa kubana mafuta kuliko kuvuta mzigo mzito.

Mwaka 1989 ndio ulioleta mlio uliokuja kupendwa. Kampuni ya Chrysler, ambayo pikapu zake za Dodge ziliachwa mbali na Ford na Chevrolet sokoni, ilifunga katika modeli ya Ram injini ya Cummins, kampuni iliyoanzishwa na Clessie Cummins mjini Columbus, Indiana, mwaka 1919. Injini hiyo ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, yenye ujazo wa lita 5.9, ilikuwa imebuniwa kwa ushirikiano na Case, watengenezaji wa matrekta, kwa ajili ya mitambo ya shambani na ya ujenzi. Ilipuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni bila chumba cha pembeni, ikawa na turbo, na ikatoa nguvu za farasi 160 pamoja na nyutoni-mita 542 za nguvu ya kuzungusha, ambayo ndiyo hasa inayoling'oa trela mahali liliposimama. Kwa kuwa ilikosa kile chumba cha kupooza moto, iligonga kuliko washindani wake wote. Ikumbukwe basi kwamba kelele iliyokuja kuitwa sauti halisi ya dizeli haikuwa ya kale wala ya asili. Ilikuwa sauti ya injini ya trekta iliyohamishiwa kwenye gari la nyumbani, na mnunuzi wa mwaka 1989 aliisikia kama jambo jipya.

Wenye magari waliizoea kelele hiyo, kisha wakaifanya chombo cha kazi. Sikio lililozoea injini hutambua nozeli inayovuja kwa silinda moja inayogonga tofauti na wenzake, hutambua hewa iliyoingia kwenye bomba la mafuta, na hujua turbo imechoka kwa mluzi unaobadilika. Injini yenyewe iliruhusu ujuzi wa namna hiyo. Pampu yake ilikuwa ya chuma na gia tupu, hasa ile ya mstari iliyotengenezwa na Bosch na kufungwa kuanzia mwaka 1994, na ili injini iendelee kunguruma ilihitaji umeme wa kufungulia kilango cha mafuta tu. Ubovu wake maarufu ulikuwa wa aina ambayo mkulima angeweza kuumaliza katika banda lake: pini ndogo ya chuma nyuma ya kava la gia iliweza kuchomoka kwa mtikisiko na kuangukia kwenye meno ya gia, na dawa yake ilikuwa kipande cha bati kilichokazwa kwa bolti ili kuizuia. Adha za kelele zilivumiliwa kwa namna yake. Dereva aliyeagiza chakula kwenye kipaza sauti cha mgahawa bila kushuka garini alizima kwanza injini, la sivyo mhudumu asingemsikia, na wenye magari wakalisimulia jambo hilo kwa majivuno zaidi kuliko malalamiko.

Sheria za kelele hazikuigusa sana pikapu. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kudhibiti kelele mwaka 1972, na kwa mujibu wake malori mapya yenye uzito wa jumla unaozidi takriban kilo 4,500 yaliwekewa kikomo cha desibeli 83 kuanzia mwaka 1978, kikashushwa hadi 80 kuanzia mwaka 1988. Pikapu nyingi zilikuwa chini ya uzito huo. Hata miji iliyoweka mabango barabarani ya kukataza breki ya injini, ile ambayo Clessie Cummins aliibuni na kampuni ya Jacobs ikaanza kuiuza mwaka 1961, ililenga malori ya masafa marefu. Ukimya wa pikapu uliletwa na mambo mengine mawili, nayo ni sheria za moshi na ushindani wa soko.

Hatua ya kwanza ilikuwa ya Ford, iliyoanza kuuza katikati ya mwaka 1994 injini ya lita 7.3 kutoka Navistar, mrithi wa International Harvester. Hapo kompyuta ndiyo iliyoamua nozeli ifunguke lini, na oili ya injini yenye shinikizo kubwa ikafanya kazi ya kuyasukuma mafuta. Baadaye nozeli zake ziliboreshwa ziweze kupuliza kwa mikupuo miwili, kidogo kwanza na kingi baadaye, ili kupunguza kishindo cha mlipuko. Hatua iliyobadilisha sokoni kila kitu ilikuja na magari ya mwaka 2001, pale General Motors na Isuzu, kupitia kiwanda chao cha ubia huko Moraine, Ohio, walipoleta Duramax ya lita 6.6 yenye mfumo wa komoni reli. Katika mfumo huo pampu haipeleki mafuta kwa kila silinda kwa zamu, bali huyajaza katika bomba nene la pamoja yakiwa na shinikizo linaloweza kufika takriban baa 1,600, na nozeli za umeme huyachota humo kwa wakati na kiasi kinachoamriwa na kompyuta. Tone dogo hutangulia, likawaka na kuongeza joto la silinda. Mafuta mengi yafuatayo huukuta moto tayari, hayarundikani, na shinikizo hupanda taratibu badala ya kwa kishindo. Shinikizo hilohilo huyapasua mafuta kuwa ukungu laini unaoungua vizuri zaidi, na hapo ndipo nguvu inapopatikana. Duramax ilitoa farasi 300 na nyutoni-mita 705. Cummins ilifuata na komoni reli mwaka 2003, na kufikia mwaka 2004 iliuza injini ya lita zilezile 5.9 yenye farasi 325 na nyutoni-mita 813.

Waliokuwa wakivuta nyumba za trela kwa safari za siku nyingi, pamoja na wale waliotumia gari moja kwa kazi na kwa familia, waliushangilia ukimya huo, na Duramax ikaipatia General Motors soko kubwa la dizeli ambalo haikuwa nalo. Shaka ilitoka zaidi kwa wenye Dodge na Ford za zamani. Walisema kwamba gari limekosa roho, kauli ambayo haistahili kupewa uzito mwingi. Lakini walisema pia kwamba injini isiyosikika haitoi onyo kabla ya kuharibika, na kwamba hitilafu iliyokuwa ikitambuliwa kwa sikio sasa inatambuliwa kwa mashine ya kusomea kompyuta, ambayo fundi wa kijijini hana. Hoja hii ina ukweli mwingi. Nozeli ya baa 1,600 haivumilii vumbi wala maji, haisafishwi kwa petroli juu ya meza ya fundi, na bei yake haikaribiani na ile ya nozeli ya chuma tupu. Wengi wao waling'oa sailensa na kufunga bomba nene lililonyooka ili kurudisha sauti, ingawa walichokirudisha kilikuwa muungurumo wa ekzosi, ambao ni kelele tofauti kabisa na ule mlio wa kugonga walioulilia.

Mwaka 2003 ukawapa ushahidi. Injini ya lita 6.0 ambayo Navistar iliiuzia Ford, yenye farasi 325 na iliyo tulivu kuliko ile ya 7.3 iliyoitangulia, ilisumbua wateja kwa gasketi za silinda hedi na kwa kipozeo cha moshi unaorudishwa ndani ya injini ili kupunguza gesi chafu, hadi kampuni hizo mbili zikafikishana mahakamani mwaka 2007 kwa ajili ya gharama za matengenezo. Tangu hapo hoja ya wenye shaka ikawa na mfano wa kuonyesha kwa kidole, hata kama mfano huo haukuhusiana na ukimya kwa lolote.

Kilichofuata kiliuchanganya mjadala wote. Kanuni iliyotolewa mwaka 2001 na wakala wa serikali kuu wa kulinda mazingira, EPA, iliamuru salfa katika dizeli ishushwe kutoka sehemu 500 hadi 15 kwa kila milioni kuanzia mwaka 2006, na viwango vyake vya moshi vikafanya magari yaanze kufungwa chujio la masizi mwaka 2007 hivi, kisha mfumo wa kupuliza maji ya yurea kwenye ekzosi ili kuiua gesi ya oksidi za nitrojeni. Salfa ilishushwa kwanza kwa sababu huharibu vifaa hivyo. Kwa kulinganisha, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifikia kiwango cha sehemu 50 mwaka 2015, na hadi leo Land Cruiser zenye dizeli ya kizamani ya chumba cha pembeni zinathaminiwa katika nchi zake. Chujio hilo nalo hufanya kazi ya sailensa, kwa hiyo ukimya, masizi yanayoziba, matumizi ya mafuta yanayoongezeka na taa ya onyo inayofuatwa na kupungua kwa nguvu ya gari vyote vikaja kwa mwenye gari vikiwa furushi moja. Alipolalamikia moja alionekana kuyalalamikia yote. Wengi walikwenda kwa mafundi wakang'oa vifaa hivyo na kubadilisha programu ya kompyuta, ingawa sheria inakataza; mwaka 2020 EPA ilikadiria kwamba zaidi ya pikapu 550,000 za dizeli zilikuwa zimeng'olewa vifaa vya kuzuia moshi katika muongo mmoja. Kikundi kidogo kilikwenda mbali zaidi na kutimua moshi mweusi makusudi barabarani, hadi New Jersey ikapiga marufuku mchezo huo mwaka 2015 na Colorado mwaka 2017. Kundi hili lilipigwa picha kuliko mengine, na limewapotosha wengi wanaodhani kuwa kila aliyeng'oa chujio alikuwa akitafuta moshi; mkulima ambaye gari lake lilipungukiwa nguvu akiwa na ng'ombe kwenye trela alikuwa akitafuta kufika mnadani.

Mbio za nguvu hazikusimama kwa siku moja. Ford ilitoa farasi 390 kwa injini yake mpya ya mwaka 2011, na Cummins ya mwaka 2019 ikafikia nyutoni-mita 1,356, mara mbili na nusu ya ile ya kwanza. Mwishoni mwa mwaka 2023 Cummins yenyewe ilikubali kulipa faini ya dola bilioni 1.675, baada ya serikali kuituhumu kwamba injini za Ram takriban 630,000 za miaka 2013 hadi 2019 zilikuwa na programu ya kukwepa vipimo vya moshi. Na mnamo Agosti 2025 EPA ilitoa mwongozo wa kuwahimiza watengenezaji warekebishe programu za magari yaliyokwisha kuuzwa, ili upungufu au hitilafu ya yurea isilipunguzie gari nguvu ghafla, jambo ambalo wenye pikapu walikuwa wamelilalamikia kwa zaidi ya miaka kumi.